Kompanse ya mama na mtu "aliyejiumba mwenyewe"

Wandugu, leo sitawasumbua na mihogo wala na mnyauko wa migomba. Nitaongea juu ya viatu.

Wamama wetu wa Bukavu wanapenda kompanse. Munaijua: kile kiatu ambacho kisigino chake hakisimami peke yake kama msumari, kimejazwa chini yote kuelekea mbele, mguu unakaa juu yake sawa vile nyumba juu ya msingi. Katika mji wa milima na matope kama huu wetu, kisigino chembamba ni adui. Mama yangu anavaa kompanse kwa misa ya Jumapili tangu nikiwa mtoto, na soli ikiachana anaipeleka kwa fundi kule Kadutu, inagundishwa, maisha yanaendelea. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliwaza kiatu kile. Kwangu kilikuwa kama ugali, kipo tu.

Jibu nililipata ndani ya filamu inayoitwa Salvatore: Shoemaker of Dreams, ya Mwitalia Luca Guadagnino, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 2020. Inaeleza maisha ya Salvatore Ferragamo, mtoto wa 11 kati ya 14 wa familia maskini, aliyezaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bonito, kusini mwa Italia, na ambaye jina lake leo limeandikwa juu ya maduka ya kifahari ya dunia nzima. Filamu ni nzuri. Lakini ilinikasirisha, na hasira yenyewe ina historia, kwa hiyo niruhusuni nianzie hapo.

Mdogo wangu ni fundi viatu. Si wa kugundisha soli tu. Anatengeneza viatu vipya vya wanaume, vya ngozi, kwa mkono, na anataka siku moja basapeur waviweke pembeni ya Weston zao bila haya. Ndiyo, anaota, lakini nimeona mshono wake. Mimi, baada ya licence yangu ya agronomia, nilitembea na bahasha miaka miwili, na katika ile miaka miwili nikawa mwandishi wa dossier za familia nzima. Siku moja likatangazwa shindano la vijana wajasiriamali, waandaaji sitawataja. Fomu iliuliza: ulianza namna gani? Nikaandika ukweli wote. Pesa ya kwanza ilitoka kwa likirimba ya mama. Mashine ya kushona ilikuwa ya mzee aliyemfundisha kazi, akamwachia bila kodi. Ngozi ya jozi tatu za kwanza ilikopwa kwa muuzaji aliyemwamini tu kwa sura.

Mtu mmoja anayejua mambo ya kamati akanisomea, akatikisa kichwa. "Grand, toa hii yote. Bale batu banatafuta kijana mwenye alijiumba yeye mwenyewe. Angalia Ferragamo."

Nikatoa. Nilifanya kazi safi kabisa, mutaniamini, mimi najua kupalilia. Likirimba ikawa "akiba binafsi". Mzee akawa "uzoefu nilioupata". Mdogo wangu alifika hatua ya pili, na dossier ikasomwa kwa sauti ndani ya salle, mbele ya watu. Mzee alikuwa ameketi mstari wa tatu, katika koti analovaa kwa harusi. Alipiga makofi kama wengine.

Hatukushinda. Na mimi nikaenda kumtafuta huyu Ferragamo, nione kama kweli alijiumba.

Nianze na sifa, juu filamu inazo. Guadagnino anajua kutazama kazi. Tunaona mikono ikivuta ngozi juu ya kalibu ya mti, zile ambazo mafundi wetu wanaziita forme, misumari midogo ikiingia moja baada ya nyingine, kisu kikipita ukingoni bila kutetemeka. Mtu aliyekaa katika karakana hata asubuhi moja atajua kwamba hakuna mchezo hapo. Na tunamsikia Salvatore mwenyewe akiongea, kwa kanda za sauti zilizobaki, pamoja na msimuliaji Michael Stuhlbarg. Ile sauti inafanya mtu wa makumbusho awe tena babu wa jirani.

Filamu inaeleza vizuri pia ule upande wa akili. Ferragamo alifika Marekani akiwa kijana wa miaka 16 hivi, akaona kiwanda cha viatu karibu na Boston, mashine zikitema jozi kwa jozi, akakikataa. Akaenda California, akashona buti za filamu za cowboy, na sandali za The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille, ile ya mwaka 1923. Waigizaji walipenda viatu vyake, lakini yeye hakuridhika: viatu ni vizuri, mbona vinaumiza? Akaenda kusoma anatomia ya mguu. Akatambua kwamba mtu anaposimama wima uzito wote unashuka juu ya upinde wa unyayo, kwa hiyo ni pale katikati ndipo kiatu kinapashwa kushika, si kwa vidole na kisigino tu. Akaweka kipande cha chuma chini ya ule upinde. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, kwani ni tabia ambayo kila agronome mzuri anayo: mmea ukinyauka usiangalie jani pekee, chimba uone mizizi.

Sasa sikieni vile kompanse ilizaliwa.

Ferragamo alirudi Italia mwaka 1927, akafungua karakana Florence, akiuza zaidi Marekani. Uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929, oda zikakauka, na mwaka 1933 akafilisika. Akaanza tena, kidogo kidogo, kwa wateja wa Italia yenyewe. Halafu mwezi wa 10 mwaka 1935 majeshi ya Mussolini yakavamia Ethiopia. Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule wa Genève, ukaiwekea Italia vikwazo vya biashara. Chuma kizuri cha kuweka chini ya upinde wa kiatu kikawa shida kupata. Kile kilichokuwepo kilikatika. Ferragamo akajaribu kujaza ile nafasi tupu kati ya kisigino na soli na kitu kingine, na kitu chenyewe kilikuwa gome la mti: mwaloni wa Sardinia, lile gome linalokatwa vizibo vya chupa za divai. Likashika. Jepesi, imara, halihitaji chuma hata gramu moja. Wateja walicheka kwanza, kisha wakapanga foleni. Mwaka 1938 akamtengenezea Judy Garland ile sandali maarufu ya rangi za upinde wa mvua.

Nilisimamisha filamu hapo. Nikarudi nyuma, nikasikiliza tena.

Kumbe kiatu cha mama yangu cha misa kilizaliwa kutokana na vita dhidi ya Waafrika. Waethiopia walimwagiwa gesi ya sumu kutoka kwa ndege, dunia ikakasirika nusu nusu, vikwazo vikawekwa na kuondolewa mwaka 1936, na katika ule mwanya mdogo mtu mmoja mwerevu wa Florence akapata wazo lililobadilisha miguu ya wanawake wa karne nzima. Simlaumu kwa wazo. Wazo ni zuri. Lakini filamu inapita hapo mbio mbio kama mtu anayepita karibu na nyumba ya mdeni wake. Ethiopia inakuwa "ugumu" ambao shujaa aliushinda, sawa na mvua au malaria. Na Ferragamo alimtengenezea viatu Mussolini mwenyewe pia. Hiyo nayo inaguswa kwa kidole tu, halafu tunarudi kwa nyota wa Hollywood.

Sisi wa Bukavu hatuna haki ya kupita mbio hapo. Camp Saïo, ambayo kila mmoja wetu amepita karibu nayo, inabeba jina la mji wa Ethiopia. Huko ndiko wanajeshi wa Force Publique, Wakongomani waliovuka Sudan wakiwa na mizigo, waliwalazimisha Waitalia kusalimu amri mwezi wa 7 mwaka 1941. Babu zetu walikwenda kumaliza vita ambavyo mwanzo wake ulizaa kompanse. Wangapi kati yetu walifundishwa jambo hili darasani? Mimi nililijua nikiwa mtu mzima.

Narudi kwa lile gome, juu hapa kazi yangu inaniita. Mwaloni wa vizibo, Quercus suber, haukatwi. Unavuliwa. Unapandwa, unasubiriwa miaka kama 25, ndipo gome la kwanza linatolewa, na lile la kwanza bado ni baya, lina mikunjo. Unasubiri tena miaka 9 au zaidi, unavua la pili, bado si zuri sana. La tatu ndilo linalofaa kwa vizibo. Piga hesabu: zaidi ya miaka 40 kabla mti haujakupa kitu kizuri. Anayeupanda anawapandia watoto wake. Kwa hiyo gome lililoshika kisigino cha mwaka 1936 lilitoka kwa miti iliyokuwa imesimama kabla Salvatore hajajua kushika sindano, miti iliyotunzwa na wakulima wa Sardinia na kuvuliwa na watu wenye mashoka wanaojua kukata bila kujeruhi utando wa ndani. Ukikata kwa kina sana, mti unakufa. Ile ni ufundi kama ushonaji. Filamu haina hata dakika moja ya kwenda kuwaangalia. Ningekuwa Guadagnino (lakini mimi ni agronome bila kamera) ningepeleka kamera Sardinia kabla ya kuipeleka Hollywood.

Na hapa nilifikiri juu ya ngozi ya mdogo wangu. Inatoka Uganda, imepita mipaka miwili, kila mpaka umeilamba kidogo. Wakati huohuo ng'ombe wanachinjwa hapa kila asubuhi, na ngozi mbichi nimeiona ikitupiwa chumvi na kupakiwa iende mbali. Mutasema: sisi hatuna viwanda vya kulainisha. Kweli. Lakini tazameni milima ya Kivu: imepandwa Acacia mearnsii kwa ajili ya makala. Gome la ule mti limejaa tanini. Afrika Kusini na Kenya wamelikamua miaka mingi na kuwauzia walainishaji wa ngozi. Kwetu linaungua pamoja na kuni au linaoza chini. Sisemi kwamba kesho asubuhi tutafungua kiwanda. Kupe wanatoboa ngozi ng'ombe akiwa bado hai, kisu cha mchinjaji kinamalizia, na maji machafu ya ngozi si kitu cha kumwaga ndani ya ziwa. Nasema tu kwamba kijana mmoja na bidii yake, hata akikesha mwaka mzima, hawezi kuwa mfugaji na mchinjaji na mlainishaji na mshonaji kwa wakati mmoja. Yule mtu wa "jiumbe mwenyewe" hajawahi kugusa ngozi mbichi.

Turudi kwa Salvatore, tuhesabu watu. Filamu yenyewe inatupatia majina na nyuso, halafu inatuomba tusiwahesabu.

Alikuwa na miaka tisa alipotengeneza viatu vyake vya kwanza, vyeupe, vya wadada zake wavae kanisani siku ya sakramenti, kwani nyumbani hakukuwa na pesa ya kununua. Alishona usiku kucha. Hadithi tamu, na naiamini. Lakini vifaa alivitoa wapi? Kwa fundi wa kijiji, ambaye mtoto alikuwa akishinda kwake akimtazama. Wangapi walitoka ndani ya hii filamu wakikumbuka jina la yule fundi? Mimi nimeitazama mara mbili na sikulikumbuka. Kisha Marekani: hakuruka peke yake ndani ya giza, kaka zake walikuwa wametangulia, na duka la California alilianza pamoja nao. Kisha Florence, mji wa mafundi wa ngozi kwa karne nyingi. Aliuchagua kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1947 alipokwenda Dallas kupokea zawadi ya Neiman Marcus, pamoja na Christian Dior, kwa ile sandali "isiyoonekana" ya nyuzi za nailoni, nyuma yake kulikuwa na karakana nzima. Kufika miaka ya 1950 mafundi walikuwa kama 700, wakitoa jozi 350 kwa siku. Gawanyeni: nusu ya jozi kwa mtu kwa siku. Kiatu kimoja! Wandugu, hapo ndipo anasa ilipo. Si jina la dhahabu juu ya sanduku. Ni siku nzima ya mtu mwenye ujuzi ndani ya kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Mdogo wangu akiniuliza kwa nini bei yake lazima ipande, sasa najua kumjibu, na najua pia kumuuliza kama kweli ameweka ile siku nzima ndani.

Halafu mwaka 1960 Salvatore akafa, na miaka 62 tu. Kama kampuni ingekuwa ni yeye peke yake, ingezikwa naye. Mke wake Wanda, msichana wa kijiji kilekile cha Bonito aliyemwoa mwaka 1940, alibaki na watoto sita na hakuwahi kuongoza biashara hata ya maandazi. Alishika. Binti mkubwa, Fiamma, alikuwa amekwisha kujifunza kazi kwa baba yake. Yeye ndiye aliyewaza, mwaka 1978, kile kiatu chenye utepe mbele kinachoitwa Vara. Wanda aliishi mpaka 2018 na kuona kampuni ikiingia soko la hisa la Milano mwaka 2011. Filamu inampenda Wanda, inampa nafasi ya kuongea, na anaongea vizuri. Lakini inampenda kama mjane anayemkumbuka mume. Miaka karibu 60 ya kazi inakuwa kama maua juu ya kaburi. Hiyo ilinikwaza kuliko Mussolini, nisamehewe.

Kosa si la Guadagnino peke yake. Ferragamo mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1957, anaandika kwamba ufundi haukumfikia kwa kufundishwa. Anaona kama alizaliwa nao, kama kumbukumbu ya maisha mengine ya kale ambamo alikwisha kuwa fundi viatu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mtu aliyejaa vipaji hivyo anakubali kuwashukuru mababu wasio na jina kabla ya kumshukuru jirani aliyemwazima nyundo. Mimi ni nani nimcheke? Mimi niliandika "uzoefu nilioupata".

Kuna wandugu wataniambia: acha, kijana anahitaji mfano wa kumpa nguvu, usivunje sanamu. Nimelifikiria. Najua mtu wa kwetu aliyekata tamaa anavyofanana, nimekuwa yeye. Na maisha ya Ferragamo yana nguvu ya kweli ndani: alikataa kiwanda akiwa na njaa, alifilisika akarudi, alisoma mifupa ya mguu wakati tayari alikuwa na wateja matajiri ambao wasingemuuliza kitu. Mdogo wangu alilishwa na hayo yote. Lakini yule aliyemwonyesha Ferragamo kama mtu asiye na watu alimfundisha pia kuona haya. Tangu lile shindano, alikuwa anapita njia nyingine ili asikutane na mzee.

Kwa hiyo mara ya pili niliwaita wote wawili. Tulitazama jioni, ndani ya karakana ya mzee kule Kadutu, courant ilikuwa imekatika, kompyuta ikila betri. Mimi nilitafsiri nilichoweza. Mzee hakujali Hollywood. Joan Crawford, Marilyn Monroe, aliwaangalia kama wapita njia. Lakini kila mara mikono ilipoonekana alisogea karibu na kioo. Alitambua nyundo. Alibishana na namna mmoja alivyoshika kisu. Kwa picha za karakana ya zamani, Salvatore akiwa amevaa vizuri katikati ya mafundi, aliweka kidole juu ya mmoja wa nyuma, mwenye aproni, na akauliza: "Na huyu ni nani?"

Nikasema filamu haimtaji.

"Huyu njo mukubwa wa atelier. Angalia namna anasimama."

Filamu inaisha na kipande cha michoro ya kuchezesha vitu, kazi ya mtu anayeitwa PES. Viatu vya Ferragamo, vya miaka yote, vinacheza dansi kama katika filamu za zamani za Hollywood, vinazunguka, vinafunguka kama maua. Wakosoaji wengi walikipenda, na ni kweli macho hayachoki. Lakini mutakiona: ni viatu bila miguu. Havina mvaaji, na fundi hayupo. Kama ningetaka kusema kwa picha moja kile ninachokilaumu katika filamu nzima, ningechagua ileile ambayo wao waliichagua kuwa zawadi ya mwisho.

Mdogo wangu alitabasamu, alivutiwa. Mzee alitazama mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa na kitambaa cha rangi ya viatu.

"Vinacheza muzuri," alisema. "Sasa soli zikiachana, vitaenda kwa nani?"

Betri ikazima. Tukakaa kidogo gizani, harufu ya gundi imejaa. Ndipo mdogo wangu akaanza, pole pole, kumwambia juu ya dossier, na ni mimi niliyemkatiza, juu mkono ulioandika ulikuwa wangu. Mzee alisikiliza. Alisema alikuwa ameelewa siku ileile ndani ya salle, na kwamba alipiga makofi kwa ajili ya mishono, si kwa ajili ya maneno. Halafu akaomba mtu awashe torchi ya simu, kwani kompanse ya mteja ilikuwa inasubiri kwa meza, na aliyeileta atapita saa moja asubuhi.

Ilikuwa ya mama.

Shindano lingine limetangazwa wiki hii, fomu ni ileile, swali ni lilelile. Nimeanza kujaza. Katika mstari wa kwanza nimeweka likirimba na kiasi chake, dola 120, na katika wa pili jina la mzee, kamili, na jina la avenue yake. Mdogo wangu anasema tutakosa pointi. Labda. Wenye kujua kamati za namna hii, niandikieni chini kama kuna sehemu ya kuambatanisha ukurasa wa ziada, kwani majina hayakutosha.